Ritifaa ya Mheshimiwa Rais

Jamhuri ya Mfanano imeendelea sana, na anayebisha na aende akasome ubao ulioko mbele ya Wizara ya Mashine na Maendeleo Mengineyo. Ubao huo unawaka mchana na usiku, hata siku ambazo hospitali ya jirani haina umeme, na juu yake kunaonekana idadi ya mistari ya programu za kompyuta zinazomilikiwa na taifa. Nchi nyingine hupima maendeleo yao kwa barabara, au kwa watoto wanaopona surua. Mfanano iliona mapema kwamba barabara hubomoka na watoto hukua wakaanza kuuliza maswali. Mstari wa programu ukishaandikwa haudai kitu.

Mistari yenyewe ilipatikana kwa njia rahisi. Mtaalamu mmoja aliandika programu ya kuandikisha wananchi wa makao makuu: nani kazaliwa, nani kaoa, nani kafa, nani atibiwe. Ilifanya kazi vizuri kiasi. Ilipoanzishwa wilaya ya pili, mtaalamu alitaka kuifundisha programu ile ile kwamba sasa kuna wilaya mbili. Wakubwa wakamkataza. Wakaamuru inakiliwe nzima, na kila palipoandikwa jina la makao makuu paandikwe jina la wilaya mpya. Ubao ulipohesabu tena, maendeleo ya taifa yalikuwa yameongezeka maradufu kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Makamu wa Rais alilia kwa furaha. Tangu hapo, kila Rais alipotaka kumfurahisha mtu alimzalia wilaya, kila wilaya ilizaliwa na nakala yake, na kila nakala ilipewa Mkurugenzi wa Nakala, Naibu wake, gari lenye bendera ndogo, na zulia.

Mnakili Mwandamizi katika Idara ya Nakala alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Minza, mwenye vidole vyepesi na hasira za karibu. Hakuna aliyenakili upesi kama yeye. Rais alishawahi kumvisha nishani ya Mnakili Bora wa Taifa, naye akaipeleka nyumbani kubania pazia la jikoni. Alijua kwamba kazi yake ni upuuzi, lakini alilijua hilo kama mtu mwenye ajira nzuri anavyolijua, yaani bila kulifikiria sana.

Alianza kulifikiria siku alipompeleka shangazi yake hospitali.

Shangazi huyo, Bi Ng'washi, ndiye aliyemlea Minza tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Aliishi wilaya ya Kisiki, na alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, hata akawa anausalimia mlango badala ya mgeni. Daktari alisema upasuaji ni jambo dogo, mtu huingia asubuhi akatoka mchana. Kilichotakiwa ni karani tu kuandika jina lake katika kompyuta ya hospitali.

Karani aliandika jina, akatazama kioo, akavua kofia.

"Poleni sana kwa msiba," alisema.

"Msiba gani?" Minza aliuliza.

"Wa Bi Ng'washi. Kompyuta inasema amefariki."

"Bi Ng'washi ni huyu hapa."

Karani alimtazama yule mama kwa huruma ya kikazi. "Ndiyo maana nimewapa pole wote wawili."

Bi Ng'washi aligeuza uso kuelekea sauti inakotoka. "Nimekufa lini, mwanangu?"

"Haisemi lini, mama."

"Na nimezikwa wapi?"

"Hiyo ni ofisi nyingine, ghorofa ya juu. Lakini ngazi zimeharibika."

"Basi nitakaa hapa hapa chini na walio hai," alisema Bi Ng'washi, akaketi kwenye benchi. Alikaa hapo mpaka hospitali ikafungwa, na hakuna aliyemwondoa, kwa kuwa hakukuwa na utaratibu wa kumfukuza marehemu.

Minza alirudi kazini akaifungua programu ya Kisiki, ambayo aliinakili yeye mwenyewe kwa mikono yake, na kwa mara ya kwanza akaisoma. Ugonjwa aliuona upesi. Katika lugha ya programu ile, jina la mtu hufungwa kati ya alama mbili ndogo zinazofanana na ritifaa, ule mkia unaokaa hewani katika ng' ya ng'ombe. Mashine ikiona ritifaa inajua jina limeisha. Kwa hiyo ilipofika kwenye jina la Ng'washi ilisoma Ng, ikaona ritifaa, ikasimama, ikaenda kumtafuta mwananchi aitwaye Ng. Mwananchi huyo hayupo popote duniani. Na mstari uliofuata ulisema kwamba asiyeonekana ahesabiwe amekufa, ili takwimu zisikae wazi.

Mtaalamu wa kwanza alitoka katika ukoo usio na ritifaa hata moja, na jambo hilo halikumpitia kichwani. Wala yeye Minza, ambaye alilelewa na ritifaa, hakuliona. Alikuwa ameinakili programu iliyomuua shangazi yake, kwa kasi iliyompatia nishani.

Alikwenda kwa bosi wake. Bwana Sixbert, Mkurugenzi Mkuu wa Nakala, alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, aliyekuwa na desturi ya kupangusa meza kila baada ya kutoa uamuzi, kana kwamba uamuzi hutoa vumbi.

"Tatizo la ng' tunalifahamu," alisema. "Makao makuu lilirekebishwa zamani, baada ya mama mkwe wa waziri fulani kukataliwa pasipoti kwa kuwa marehemu. Kule wilaya ya Ziwani pia wamelirekebisha. Wao wameamua ng' iandikwe ny."

"Yaani shangazi yangu akienda Ziwani anakuwa Nywashi?"

"Akiwa hai, ndiyo."

"Na Kisiki?"

"Kisiki ina nakala yake na mkurugenzi wake. Itaundwa kamati. Kila wilaya itaunda kamati yake kwa wakati wake. Hatuwezi kuingilia uhuru wa nakala." Akapangusa meza.

Minza hakusubiri kamati. Aliirekebisha Kisiki kimyakimya wakati wa mapumziko ya chakula, na alasiri hiyo hiyo shangazi yake akafufuka. Lakini chumba cha upasuaji wa macho kilikuwa wilaya ya Mbugani, na kompyuta ya Mbugani ilipomwona mgeni wa kutoka Kisiki ilimuua upya. Minza akairekebisha Mbugani. Alipokuwa anamaliza, Idara ikafanya usafi wake wa kawaida, ambao huzirudisha nakala zote zilizobadilishwa bila kamati zifanane na nakala ya kwanza ya wilaya, ile yenye ugonjwa, na Bi Ng'washi akafa Kisiki kwa mara ya pili. Rais naye alikuwa amezaa wilaya mbili mpya katikati ya juma, zote mbili zikiwa zimezaliwa na ugonjwa huo. Ilikuwa kama kufagia uwanja huku kuna mtu anautikisa mti.

"Niambie tu nikiwa hai nivae," Bi Ng'washi alisema kwenye simu. "Nimechoka kuvaa nguo ya kutokea kila siku halafu nakufa njiani."

Hapo ndipo Minza alipofanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa katika Idara. Alizifungua programu za wilaya zote akaziweka ubavu kwa ubavu akazisoma. Zilikuwa programu moja. Kilichobadilika ni jina la wilaya na, hapa na pale, salamu. Kulikuwa na wilaya ambayo mnakili alisinzia akaliruka fungu la ndoa, na watu wa huko walikuwa wakiishi pamoja bila cheti kwa muda mrefu wakidhani ni sheria mpya.

Akaandika yake, moja. Alilitoa jina la wilaya ndani ya programu, akaifanya programu iliulize jina hilo mlangoni, kama inavyouliza jina la mtu. Ritifaa aliishughulikia mahali pamoja, ikatosha. Ndoa ziliandikwa mahali pamoja. Orodha fupi ya wilaya ilikaa pembeni, na siku taifa likijifungua wilaya mpya, kazi itakuwa kuongeza jina tu, kisha mtu akanywe chai. Alipomaliza aliisoma tangu mwanzo mpaka mwisho pasipo kuinuka kwenye kiti, na alijisikia kama mtu aliyetoa vyombo vyote kabatini akakuta kumbe kabati ni kubwa.

Bwana Sixbert aliisoma pia. Alipangusa meza kabla hata ya kuamua.

"Nyingine ziko wapi?" aliuliza.

"Ni hiyo tu, Bwana Mkurugenzi."

"Na wakurugenzi watakurugenza nini?"

Swali hilo likapanda ngazi hadi wizarani, na Minza akalifuata.

Aliitwa mbele ya Waziri. Mheshimiwa Tegemea Kibwengo alikuwa Waziri wa Mashine kwa sababu ndiye peke yake katika Baraza aliyeweza kuzima redio ya gari. Aliketi katikati ya wakurugenzi wa nakala, ambao ukumbi haukuwatosha, na manaibu wao walisimama nje wakisikiliza madirishani.

"Dada Minza," Waziri alianza, "wewe ni mtoto wa taifa hili. Umesoma kwa jasho la taifa hili. Leo ubao wetu unasomeka hadi ng'ambo ya mpaka, na majirani hawalali kwa wivu. Sasa nieleze, kwa lugha ambayo hata mimi nitaielewa: ukiwasha hicho kijiprogramu chako, ubao utasomaje?"

"Utapungua, Mheshimiwa."

"Kiasi gani?"

"Mistari yote itaenea kwenye gazeti moja, na nafasi ya matangazo itabaki."

Ukumbi uliguna. Mkurugenzi mmoja wa wilaya ya bonde aliomba maji.

"Lakini itafanya kazi ile ile," Minza aliendelea, "na vizuri zaidi. Kosa likionekana linarekebishwa mara moja na linapona nchi nzima. Mheshimiwa, kuna watu wako hai ambao hawatibiwi. Wanazeeka kwenye mabenchi."

"Watu hao nimewafikiria," alisema Waziri kwa upole. "Sikulala. Na nimepata suluhisho ambalo halitagusa hata mstari mmoja." Akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Kuanzia mwezi ujao, wananchi wote wenye ng' katika majina yao watabadilisha majina. Tutafanya kampeni. Tutachapisha fulana."

Makofi yalipigwa mpaka manaibu wa nje nao wakapiga, bila kujua ni kwa nini. Minza alipatikana na kosa la kujaribu kulipunguza taifa. Kwa kuwa alikuwa na nishani, hakufungwa. Alirudishwa kwenye chumba cha kunakili, chini ya uangalizi.

Jioni alikwenda Kisiki kumweleza shangazi yake habari za majina. Bi Ng'washi alikuwa anachambua mchele kwa kupapasa, na mawe mengi yalimpita.

"Jina hili lilikuwa la bibi yangu," alisema. "Alinipa mwenyewe, akiwa amenipakata. Nikifika huko aliko, nimwambie siku hizi naitwa nani?"

"Si utaona lakini, shangazi. Ukibadilisha utatibiwa."

"Nitaona nini? Nitajitazama kwenye kioo nimwone nani?" Akaendelea kupapasa mchele. "Wewe hiyo kazi ndiyo umeisomea. Ifanye."

Minza akaanza kumsaidia kuokota mawe. Kazi alikwisha kuifanya. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kuwafanya wakubwa waitake, na hiyo hakuisomea mahali popote.

Wakubwa walimsaidia wenyewe. Rais Batenga alikuwa anakaribia siku yake ya kuzaliwa, na Bunge lilikuwa likisaka zawadi. Baba wa Taifa alikwisha kuitwa, na Simba, na Mwamba, na Mti Wenye Kivuli. Mheshimiwa Kibwengo alisimama akapendekeza kwamba, kwa jinsi Rais alivyoling'arisha taifa, jina lake rasmi liwe Batenga Mng'arishaji, na izaliwe wilaya mpya kwa heshima yake, iitwayo Mng'aro, ambayo Rais atakuwa mwananchi wake wa kwanza. Hoja ilipita. Mbunge mmoja aliyechelewa kunyanyua mkono alinyanyua yote miwili.

Nakala ya wilaya ya Mng'aro alipewa Minza aitengeneze. Naye, kwa kuwa alikuwa mtumishi mwaminifu, alikwenda kumwona Waziri.

"Mheshimiwa, jina la wilaya lina ritifaa. Na jina la Rais lina ritifaa."

"Kwa hiyo?"

"Unakumbuka habari za wale marehemu, Mheshimiwa."

Waziri alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeingia msikitini na viatu. "Ile ni ritifaa ya wananchi. Hii ni ritifaa ya Mheshimiwa Rais. Mashine itaiheshimu. Nakili ulivyoagizwa, usiongeze wala usipunguze."

Minza alinakili alivyoagizwa. Hakuongeza wala hakupunguza.

Siku ya uzinduzi Mng'aro ilipambwa hadi punda wakafungwa tepe. Walikuwepo mabalozi, Jaji Mkuu, brasibendi, na kwaya ya wakurugenzi wa nakala waliovaa suti za rangi moja. Kompyuta iliwekwa jukwaani juu ya kitambaa cha dhahabu, na Minza akaketi nyuma yake. Waziri alieleza kwa kirefu jinsi mashine za Mfanano zilivyoungwa: likitokea jambo wilayani, habari inakwenda yenyewe redioni, jeshini na Ikulu, bila kuomba ruhusa ya mtu. Kisha Rais Batenga akapanda jukwaani, akalitaja jina lake jipya kwenye kipaza sauti, Minza akaliandika, na umati ukageukia kioo kikubwa.

Kioo kikaandika: MAREHEMU.

Kisha bendera ikaanza kushuka polepole yenyewe, ikasimama nusu mlingoti. Redio zote katika umati ziliacha muziki wa dansi zikaanza ule wa maombolezo. Walinzi wa Rais walisikiliza vifaa vyao masikioni, wakatazamana, kisha wakamwacha pale alipokuwa wakaenda kumzunguka Makamu wa Rais, maana amri yao ilikuwa kumlinda Rais aliye hai. Makamu alikwisha kutoa leso mfuko wa kulia, na mfuko wa kushoto akatoa hotuba ya rambirambi, iliyochapwa vizuri na kupigwa lamineti.

"Mimi niko hapa," alisema Rais.

"Marehemu alikuwa mcheshi," alisema mshereheshaji kwa huzuni, na baadhi ya watu wakatikisa vichwa.

Rais alimwendea Jaji Mkuu. "Waambie kuwa mimi ni mzima."

Jaji Mkuu alikuwa mtu wa haki. Alivaa miwani, akamtazama Rais, akatazama kioo. "Kwa macho yangu naona hivyo," alisema. "Lakini Mheshimiwa alitia saini mwenyewe sheria kwamba macho ya mtumishi wa umma yakigongana na kompyuta, macho ndiyo yamekosea."

"Sixbert," Rais aliita. "Rekebisha."

Bwana Sixbert alikuja akitembea kwa ncha za vidole. Hakuwa na meza ya kupangusa, akapangusa koti lake. "Mara moja, Mheshimiwa. Inahitaji kamati ya wilaya, kisha idhini ya Rais."

"Mimi si ndiye Rais?"

"Hapo ndipo penye ugumu," alisema Bwana Sixbert, na akawa kama mtu anayetaka kulia. Nyuma yake brasibendi ilikuwa inapima sauti kwa ajili ya kiapo.

Rais Batenga alikuwa ametawala kwa muda mrefu na hakuwa amewahi kusimama kwenye foleni. Sasa alisimama peke yake katikati ya jukwaa, watu wakimpita wakienda kumpa pole Makamu, na uso wake ukawa na namna fulani ambayo Minza alikwisha kuiona kwenye benchi la hospitali ya Kisiki. Akamwonea huruma kiasi, kisha akakohoa.

"Mheshimiwa," alisema, "kuna programu moja ambayo haiui watu wa ng'."

Rais aligeuka upesi. "Iko wapi?"

"Ninayo hapa. Lakini ilikataliwa, kwa sababu inapunguza ubao."

"Nani aliikataa?"

Mheshimiwa Kibwengo alikuwa anatafuta kitu kilichoanguka chini ya kiti.

"Iwashe," alisema Rais. "Hapa Mng'aro."

"Haiwezi kuwaka mahali pamoja, Mheshimiwa. Ikiwaka, inawaka nchi nzima, kwa kila mwananchi." Hili halikuwa kweli kabisa. Ingeweza kuwaka popote alipotaka, kwani ndivyo alivyoiandika. Alilisema huku anamtazama Rais machoni, na vidole vyake vikiwa vimetulia juu ya mashine.

Makamu wa Rais alikuwa ameshika Katiba kwa mkono mmoja.

"Washa," alisema Rais.

Kioo kikatulia kidogo, kisha kikaandika kwamba Batenga Mng'arishaji, mkazi wa Mng'aro, yu hai. Bendera ikapanda. Walinzi wakarudi wakikimbia, wakimsukuma Makamu. Redio zikapata wimbo wa dansi pale pale zilipouachia. Na nchi nzima, makarani waliona majina yakirudi kwenye vioo vyao, watu wa ng' wa kila wilaya, wengine wakiwa wamekaa mbele yao wakati huo huo wakingoja. Karani wa Kisiki alivaa kofia yake. Bi Ng'washi alipelekwa Mbugani akiwa hai njia nzima, akapasuliwa jicho la kwanza, na la pili likafuata.

Mtu angedhani habari imeisha hapo. Lakini ubao ulikuwa umeporomoka. Balozi wa nchi jirani alionekana akiupiga picha huku anatabasamu, na wakurugenzi wa nakala walikuwa wakishinda kwenye magari yao, wakiwa hawana pa kwenda. Rais alimpenda Minza, lakini hao aliwahitaji wakati wa uchaguzi. Akamwita, naye Waziri akiwa amesimama kando, amesamehewa.

"Programu yako ni nzuri mno," alisema Rais. "Haifai ikae mahali pamoja. Nimeamuru kila wilaya ipewe nakala yake."

Minza aliinama kwa heshima. Alikwisha kujifunza kitu kuhusu wakubwa. "Vema, Mheshimiwa," alisema. "Nitatengeneza mwenyewe. Na ubao utapanda kuliko ulivyowahi."

Katika lugha ya programu, mstari ukianza kwa alama fulani mashine huuruka bila kuusoma. Mistari hiyo huwekwa kwa ajili ya binadamu, ili mwandishi aeleze anachofanya. Minza aliandikia kila wilaya programu ndefu ajabu ya mistari ya namna hiyo. Alimsifu mkurugenzi wa wilaya, akaisifu suti yake, akawasifu wazazi wake kwa subira, akataja mito, milima na mazao. Sifa ziliendelea kurasa kwa kurasa, na mashine ilizipita zote kufumba na kufumbua. Katikati ya kila moja aliweka mstari mmoja tu unaofanya kazi, nao ulisema: uliza programu kuu. Hivyo nakala zilikuwa nyingi kupita kiasi, na programu ilibaki moja. Ikitokea kosa litarekebishwa mahali pamoja, na nakala hazitajua hata kwamba kulikuwa na kosa.

Ubao ulivunja rekodi. Palifanyika sherehe, na Mheshimiwa Kibwengo alisimama kuusomea umma nakala ya Kisiki kwa sauti ya kishairi. Mkurugenzi wa Kisiki alifuta machozi kwenye fungu la suti. Waziri aliendelea, akafika katikati, akanyamaza. Akavua miwani.

"Mstari huu umeandikwa na nani?"

Minza, aliyekuwa safu ya mbele, alinyanyua mkono. "Mimi, Mheshimiwa."

"Yote mengine ni matamu. Huu hauna adabu. Eti, uliza programu kuu. Hakuna salamu, hakuna cheo. Unaharibu nakala. Ufutwe katika wilaya zote."

Wakurugenzi waliunga mkono. Bwana Sixbert alikwisha kutoa kalamu. Minza alifikiria makarani wote wa nchi wakivua kofia kwa pamoja, akasimama.

"Mheshimiwa ameona mbali," alisema. "Ni kosa langu, niliandika kwa haraka. Lakini badala ya kuufuta, niuheshimishe. Nitaandika: tafadhali sana, kwa unyenyekevu, uliza Mheshimiwa Programu Kuu."

Mashine haijali kitu kinaitwaje, alimradi kiitwe hivyo hivyo kote. Hilo hakulisema.

Waziri alilionja jina hilo mdomoni, taratibu. "Mheshimiwa Programu Kuu," alisema. "Sasa hapo umeandika programu." Na makofi yakaanza.

Siku ya televisheni kuonyesha Mheshimiwa Kibwengo akivishwa nishani kubwa ya Uvumbuzi, Minza alikuwa Kisiki, sebuleni kwa shangazi yake. Bi Ng'washi alikuwa ameketi karibu na kioo, mikono magotini, akitazama kila kitu kwa uchoyo wa mtu aliyerudishiwa mali yake. Alikwisha kumwambia Minza kwamba amekonda, kwamba ukuta unataka rangi, na kwamba jirani yake si mzuri kama sauti yake ilivyoahidi.

"Huyu ndiye aliyenifufua?" aliuliza.

"Ndivyo anavyosema, shangazi."

Bi Ng'washi alimtazama Waziri kwa makini, kwa macho yote mawili, kuanzia viatu mpaka kipara, akarudi tena kifuani penye nishani.

"Zima," alisema. "Daktari amenikataza kutazama vitu vinavyong'aa."